WARAKA USIPOFIKA: KUSOMA KUMBUKUMBU ZA SEVA NA KUKAGUA RUHUSA ZAKE

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Katika ziara za ukaguzi Mbeya na Iringa hakuna shauri lirudilo mara nyingi kama hili. Chama Kikuu husema, "Waraka tulituma." Chama cha msingi hujibu, "Waraka hatukuupata." Kila upande husema kweli kwa kadiri ya ujuzi wake, na mwisho wake ni kulaumiana. Madhara yake si madogo. Waraka unaokumbusha vyama kuwasilisha ukomo wa madeni ukipotea, mkutano mkuu huchelewa. Mkutano ukichelewa, mkopo wa pembejeo huchelewa. Na mvua za Novemba na Desemba hazimngoji mtu. Mkulima apandaye bila mbolea ndiye alipaye gharama ya barua iliyopotea, wala hajui kwamba barua hiyo ilikuwapo.

Zama za barua za karatasi, shauri kama hilo liliamuliwa kwa madaftari mawili: daftari la barua zinazotoka na daftari la barua zinazoingia. Mkaguzi aliyaweka mezani bega kwa bega, akafuata tarehe na namba, na pengo likajionyesha lenyewe. Siku hizi nyaraka nyingi husambazwa kwa barua pepe kupitia seva, yaani kompyuta inayokaa macho usiku na mchana kwa kuzihudumia kompyuta na simu nyingine. Wengi wamedhani kwamba pamoja na karatasi, daftari nalo limekwisha. Sivyo. Seva ina madaftari yake, nayo huandika kila tukio pamoja na saa, dakika na sekunde. Kinachokosekana ni msomaji.

Makala hii yaeleza namna ya kuyasoma madaftari hayo, ambayo huitwa mafaili ya kumbukumbu, na namna ya kukagua ruhusa, yaani nani anaruhusiwa kusoma na kuandika nini ndani ya seva. Mambo haya mawili huenda pamoja, kama tutakavyoona.

Safari ya waraka

Ili kulitafuta kosa hapana budi kuijua njia. Waraka mmoja hupita vituo vinne.

Kituo cha kwanza ni karani wa Chama Kikuu, ambaye hutuma barua moja tu kwenye anwani ya orodha. Kituo cha pili ni programu ya orodha. Hii huangalia kama mtumaji anaruhusiwa, na kama barua si kubwa kupita kipimo. Kisha huipeleka kwa kila chama kilichoandikishwa. Kituo cha tatu ni programu ya uchukuzi, ambayo hufanya kazi ya tarishi. Kituo cha nne ni sanduku la chama cha msingi, ambalo aghalabu limo katika kampuni kubwa ya barua pepe nje ya nchi, na katibu hulifungua kwa simu yake.

Kwa mifano ya makala hii nitatumia programu ya orodha iitwayo Mailman, toleo la 2.1, ambalo lilitoka mwishoni mwa mwaka 2002 na bado lingalimo katika seva nyingi, pamoja na programu ya uchukuzi iitwayo Postfix. Wenye programu nyingine watakuta majina tofauti, lakini vituo ni vile vile.

Daftari lipi lisomwe

Mailman haina daftari moja bali kadhaa, na kila moja lina kazi yake. Yafaa katibu ayajue majina yake, ili aombapo maelezo ajue anaomba nini.

Faili liitwalo "post" huandika kila barua iliyokubaliwa na kusambazwa. Faili la "vette" huandika barua zilizozuiwa zikingoja idhini, au zilizokataliwa. Faili la "smtp" huandika barua ilipelekwa kwa wapokeaji wangapi, na faili la "smtp-failure" huandika zile zilizoshindikana kukabidhiwa. Faili la "bounce" huandika barua zilizorudi. Faili la "error" huandika makosa ya programu yenyewe. Nje ya Mailman, Postfix nayo ina daftari lake la uchukuzi, ambalo katika seva nyingi huitwa "mail.log".

Katika daftari hilo la uchukuzi tafuta maneno matatu. "Sent" maana yake barua imepokewa na seva ya upande wa pili. "Deferred" maana yake imeahirishwa, na Postfix itajaribu tena na tena. Isipobadilishwa, hujaribu kwa siku 5 kisha hukata tamaa. "Bounced" maana yake imekataliwa na kurudishwa. Tahadhari moja: "sent" si ushahidi kwamba katibu ameisoma barua. Ni sawa na risiti ya posta: yaonyesha kwamba barua ilikabidhiwa, haionyeshi kwamba bahasha ilifunguliwa. Huenda barua imo katika sehemu ya barua taka.

Jambo la saa

Ugomvi mwingi hutokana na saa. Seva nyingi huandika kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Nasi tena tuna hesabu yetu ya asubuhi na usiku. Tukio lililoandikwa 06:10 katika seva lilitokea 09:10 kwa saa yetu ya ofisi, yaani saa tatu na dakika kumi asubuhi. Njia ya mkato ni kupunguza 3 katika saa ya seva, nawe utapata saa ya Kiswahili. Jibu likizidi 12, punguza 12 tena. Na tukio lililoandikwa 22:00 kwa saa ya dunia huku kwetu ni saa saba usiku, tena tarehe imekwisha geuka. Kabla ya kusema kwamba waraka ulichelewa, uliza kwanza seva hiyo inatumia saa gani.

Sababu tatu ambazo si kosa la mtu

Ya kwanza ni uzito wa barua. Mailman 2.1, isiporekebishwa, huzuia barua yoyote inayozidi kilobaiti 40. Barua ya maneno matupu haifikii kipimo hicho. Lakini waraka uliopigwa mhuri, ukatiwa sahihi, kisha ukapigwa picha kwa mashine, hupita kipimo hicho mara nyingi. Waraka huo hauendi popote: hungoja idhini ya msimamizi wa orodha. Katika "vette" huandikwa kwamba umezuiwa kwa sababu ya ukubwa. Dawa yake ni kuongeza kipimo kwa kiasi, au kuandika kiini cha waraka katika barua yenyewe.

Ya pili ni mtumaji asiyejulikana. Karani akituma kutoka anwani yake mpya, au kutoka simu yake mwenyewe, programu haimtambui, na barua huzuiwa vile vile. Hapo programu imefanya kazi yake; la sivyo kila mtu angeweza kutoa waraka kwa jina la Chama Kikuu.

Ya tatu ndiyo iliyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hutokea kimya. Barua ikirudi kutoka chama fulani, Mailman hukiandikia chama hicho alama: alama 1 ikikataliwa kabisa, nusu alama ikikataliwa kwa muda, wala hairekodi zaidi ya mara moja kwa siku. Alama zikifika 5, chama husimamishwa kupokea. Zikipita siku 7 bila barua kurudi, hesabu ya zamani hufutwa.

Sasa tazama matokeo yake. Katika miezi ya utulivu Chama Kikuu hutoa waraka mmoja kwa majuma mawili, na hesabu haifiki popote. Lakini katika msimu wa mauzo, nyaraka za bei na za minada zinapotoka kila siku, chama ambacho sanduku lake linakataa barua huweza kusimamishwa ndani ya juma moja. Yaani chama huondolewa katika wakati kile kinapohitaji habari kuliko wakati wowote. Kisha programu hutuma maonyo 3, moja kila baada ya siku 7, na maonyo hayo huenda kwenye sanduku lile lile linalokataa barua! Baada ya hapo jina hufutwa katika orodha. Msimamizi wa orodha hupelekewa taarifa chama kinaposimamishwa. Ikiwa hasomi taarifa zake, hakuna mwingine atakayejua.

Kwa nini sanduku likatae? Aghalabu limejaa. Sanduku la bure la Gmail lina nafasi ya gigabaiti 15, na nafasi hiyo hutumiwa kwa pamoja na picha zilizohifadhiwa katika akaunti hiyo. Katibu anayetumia akaunti moja kwa nyaraka za chama na kwa picha za harusi hana budi kuchagua.

Njia nyepesi ya kugundua waliosimamishwa ni hesabu. Faili la "smtp" huandika idadi ya wapokeaji wa kila barua. Tuseme Chama Kikuu kina vyama 60 katika orodha, na kumbukumbu inasema waraka ulipelekwa kwa wapokeaji 57. Hapo kuna pengo la 3 linalotaka maelezo, kama vile magunia 3 yasiyoonekana ghalani. Karani akitoa amri ya "list_members --nomail=bybounce" pamoja na jina la orodha, ataonyeshwa waliosimamishwa kwa sababu ya barua kurudi.

Ruhusa: nani ashike ufunguo

Sasa tuje kwenye ruhusa. Katika seva zitumiazo Linux, kila faili lina mmiliki mmoja, lina kikundi kimoja, na waliobaki wote huitwa wengine. Kwa kila mmoja wa hao watatu huandikwa ruhusa tatu: herufi r ni ruhusa ya kusoma, w ni ya kuandika, na x ni ya kuendesha programu, au, ikiwa ni kabati la mafaili, ya kuingia ndani yake. Amri ya "ls -l" huonyesha ruhusa hizo kwa mstari mmoja.

Tuseme mstari wa faili la "error" unaanza hivi: -rw-r--r--, mmiliki ni root, na kikundi ni mailman. Tusome tatu tatu baada ya kile kistari cha kwanza. Mmiliki, ambaye ni mtawala wa kompyuta nzima, anaweza kusoma na kuandika. Kikundi cha mailman kinaweza kusoma tu. Wengine nao ni kusoma tu. Basi programu ya Mailman, ambayo hufanya kazi kama mwanachama wa kikundi hicho, haiwezi kuandika katika daftari lake yenyewe! Ni kama mweka hazina anayeonyeshwa daftari la fedha kupitia dirishani.

Hali hiyo hutokeaje? Mara nyingi fundi ameingia kwa cheo cha root, akatoa amri moja ya haraka, na faili jipya likazaliwa likiwa mali ya root. Pengine ni siku ya kubadilisha daftari: seva nyingi hufunga faili la zamani kila juma na kufungua jipya, na jipya hilo likafunguliwa kwa mmiliki asiye sahihi. Pengine mafaili yamehamishwa kutoka seva ya zamani bila kuhifadhi vikundi vyake.

Matokeo yake ni ya namna mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Ruhusa ikikosekana katika faili la kumbukumbu, matukio huacha kuandikwa. Barua huenda zikaendelea kusafiri, lakini daftari ni tupu. Kwa hiyo, Ndugu, ukurasa mtupu si ushahidi kwamba hakuna kosa. Pengine ukurasa mtupu ndio kosa lenyewe. Ruhusa ikikosekana katika mafaili ya orodha au ya foleni, barua zenyewe hukwama. Katika "error" yataonekana maneno "Permission denied", yaani ruhusa imekataliwa, na mara nyingi neno "SHUNTING", ambalo maana yake barua imewekwa kando katika foleni iitwayo "shunt". Barua hiyo haijapotea. Kosa likiisha kurekebishwa, amri ya "unshunt" huirudisha njiani. Lakini kwanza zitazamwe tarehe za barua zilizomo, tusije tukawatangazia wakulima mnada uliokwisha pita.

Pengine daftari la uchukuzi litaonyesha maneno "Group mismatch error". Hapo tarishi na programu ya orodha hawakubaliani juu ya kikundi: Mailman iliandaliwa kupokea barua kutoka kikundi kimoja, na Postfix inazileta kwa jina la kikundi kingine. Hilo si la kurekebishwa faili moja moja, bali ni la fundi kulinganisha maandalizi ya programu hizo mbili.

Dawa iliyo mbaya kuliko ugonjwa

Fundi mwenye haraka anajua amri moja inayonyamazisha malalamiko yote ya ruhusa: "chmod 777", ambayo humpa kila mtu ruhusa ya kusoma, kuandika na kuendesha. Barua hupita, kila mtu hushukuru, na seva hubaki wazi. Ni sawa na katibu ambaye, kwa kuwa ufunguo wa kasha ulimpa taabu, ameutundika msumarini karibu na mlango.

Hasara yake ni hii. Faili la orodha, liitwalo "config.pck", lina anwani za wapokeaji wote, na katika toleo la 2.1 lina pia maneno yao ya siri bila kufichwa. Nyaraka za zamani nazo zimo katika seva hiyo hiyo. Tukiyafungua kwa wote, kila mwenye akaunti katika seva hiyo anaweza kuyasoma, na hata kuyabadilisha. Tena liko jambo la sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Chama Kikuu hakiwezi kujitetea kwamba fundi alikuwa na haraka.

Dawa sahihi ni kurudisha ruhusa mahali pake, bila kuzidisha. Mailman 2.1 ina amri iitwayo "check_perms", ambayo hukagua mafaili yake na kutaja yaliyo na kasoro. Itolewe kwanza peke yake, na majibu yake yahifadhiwe. Kisha itolewe pamoja na "-f", nayo itarekebisha. Irudiwe mpaka iseme kwamba hakuna tatizo. Baada ya hapo barua moja ya majaribio itumwe, ikafuatwe kituo kwa kituo.

Liongezwe neno juu ya umri wa programu. Toleo la 2.1 hutegemea Python 2, ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Toleo la tatu la Mailman lilitoka mwaka 2015. Chama Kikuu chenye seva ya zamani kipange mapema kuhama, nje ya msimu wa mauzo.

Utaratibu wa kufuata

Waraka usipofika, yafuatwe haya kwa mpangilio wake:

1. Katibu aandike tarehe, kichwa cha waraka na anwani ya chama, apeleke kwa Chama Kikuu. Maneno "hatukupata" peke yake hayatoshi.

2. Katibu atazame barua taka, na nafasi iliyobaki katika sanduku.

3. Karani asome "post". Waraka ukiwamo, uliingia katika usambazaji. Usipokuwamo, asome "vette" na "error".

4. Karani alinganishe idadi ya wapokeaji katika "smtp" na idadi ya vyama. Ikipungua, atafute waliosimamishwa.

5. Karani atafute anwani ya chama katika daftari la uchukuzi, anakili mstari mzima, aupeleke kwa katibu.

6. Daftari lolote likiwa tupu kwa siku za kazi, zikaguliwe ruhusa zake na nafasi iliyobaki katika diski.

7. Rekebisho lolote liandikwe: nani alifanya, lini, na nini kilibadilishwa.

Jambo la muda lizingatiwe. Kwa maandalizi ya kawaida, seva nyingi huhifadhi madaftari ya juma 4 tu, kisha hufuta ya zamani. Chama kinacholalamika baada ya miezi miwili huenda kisikute ushahidi wowote. Napendekeza Chama Kikuu kiweke nakala za kumbukumbu kwa mwaka mzima wa hesabu, mahali ambapo karani wa seva hawezi kuzibadilisha. Katika fedha, anayeandika hati ya malipo hawi ndiye anayeidhinisha. Na katika kumbukumbu iwe vivyo hivyo.

Neno la siri ni la mtu mmoja

Yote haya hayana maana ikiwa watu watatu hutumia jina moja na neno moja la siri. Daftari litaandika jina moja, na shauri halitaamuliwa kamwe. Mtumishi asiye na hatia atashukiwa pamoja na mwenye hatia. Hili si la seva ya barua tu. Hata katika MUVU, Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kila mtumishi aingie kwa jina lake, na mtumishi aachapo kazi, ruhusa yake ifungwe siku ile ile anapokabidhi funguo za ofisi.

Ndugu wanachama, ni haki yenu kuuliza katika mkutano mkuu: nani anashika orodha yetu, nani anasoma kumbukumbu zake, na mara ya mwisho zilisomwa lini? Kutoka Iringa hadi Mbeya ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300, na vyama vingi viko mbali na barabara kuu. Seva imetupunguzia safari hizo. Haikutupunguzia wajibu wa kuandika, kusoma na kulinda madaftari yetu. Kila katibu na aanze juma hili kwa kutazama nafasi ya sanduku la chama chake, na kila karani kwa kuhesabu wapokeaji wa waraka wa mwisho. Pengo likionekana mapema, huzibwa kwa kazi ya siku moja. Likionekana baada ya mvua kunyesha, hakuna amri ya kompyuta itakayorudisha msimu.